Fundi Masikio na sauti iliyokatika kila sekunde thelathini

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Jumatano. Chumba cha kompyuta cha chuo kidogo cha kazi za ofisi kina watu wawili tu, na hakuna anayetazama kitu. Mmoja haoni. Mwingine amefumba macho kwa makusudi.

Aliyefumba macho ni fundi. Ana hedifoni kubwa kichwani, upande mmoja umefungwa kwa utepe mweusi. Saa yake ya mkono ameivua na kuilaza mezani mbele yake. Waya wa sauti ameugawa mara mbili, ili yeye na mwanamke aliyekaa kwenye kibodi wasikie kitu kimoja kwa wakati mmoja.

"Haya, dada, andika," anasema. "Andika kama vile mimi sipo."

"Na hiyo pumzi yako ya kahawa? Nitasahauje kwamba upo?"

Anaandika. Kompyuta inamsomea kila herufi anayobonyeza, na kila neno likiisha inalisoma zima. Mkutano. Ulifunguliwa. Saa. Kisha sauti inakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja, inarudi tayari imeshapita neno moja na nusu.

Fundi anafumbua jicho moja, anatazama saa, analifumba tena. Wanaendelea. Sauti inakatika mara ya pili.

"Thelathini," anasema fundi.

Mara ya tatu. "Thelathini tena. Dada, hii haikatiki ovyo. Hii ina ratiba."

"Si nilikwambia tangu juzi? Wewe ukasema spika."

"Mimi nilisema spika?"

"Ulisema spika, ukasema waya, ukasema vumbi. Ulibakiza kusema mvua."

Fundi anacheka hadi hedifoni inamteleza. Ni kicheko cha mtu aliyeanza kuona njia, ingawa muda alionao ni mfupi. Kesho saa sita mchana mkuu wa chuo anataka jibu. Keshokutwa saa tatu asubuhi ni mtihani.

Hapo chuoni kila mtu anamwita Masikio. Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, ni mrefu, mwembamba, na masikio yenyewe ni ya kawaida kabisa. Jina alilipata zamani, alipokuwa na kibanda cha kutengeneza redio za kaseti karibu na kituo cha mabasi. Mteja akiwasha redio yake kaunta, fundi alisikiliza akiwa amempa mgongo, kisha akataja ugonjwa kabla hajageuka.

"Mkanda wa mpira ukilegea, mwimbaji anakuwa kama amelewa," anasema. "Kichwa cha kusomea kikichafuka, anakuwa kama amefunikwa blanketi. Mota ikichoka, anaanza vizuri halafu anazeeka. Sikuhitaji kufungua kitu. Nilifungua ili mteja aone nimefanya kazi."

Aliacha shule darasa la sita, baada ya baba yake kuugua. Hilo analisema kama anavyotaja namba ya kiatu chake. Kibanda alikaa nacho miaka ishirini na sita. Kisha simu zikaja na nyimbo zote ndani yake, na wateja wakapungua. Anakumbuka kipindi kimoja ambapo siku kumi na moja zilipita bila mtu kuleta hata waya. Siku ya kumi na mbili alifunga, akampa jirani ufunguo, akaenda kuomba kazi ya ulinzi chuoni.

Alilinda geti kwa miezi minane. Humo ndani kulikuwa na kompyuta tisa kuukuu, zilizotupwa na ofisi fulani zikapewa chuo kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Zilikuwa nzito na za polepole. Mifumo ya kununua haikuwezekana, na programu ya kusoma kwa sauti iliyokuwa ikiuzwa ilikuwa na bei kubwa kuliko kompyuta zenyewe. Mwalimu mmoja wa muda aliweka mfumo wa Linux, ambao ni wa bure, pamoja na programu ya bure ya kusoma kwa sauti. Baada ya muhula mmoja mwalimu akapata kazi kwingine. Kompyuta zikabaki kama watoto walioachiwa jirani.

"Nikawa napita dirishani na tochi yangu, nasikia zinakwaruza," anasema Masikio. "Mkwaruzo ule naujua. Ni sauti inayoomba msaada. Nikamwambia mkuu wa chuo, mama, nipe ufunguo wa chumba kile, nikiharibu unikate mshahara."

Mkuu wa chuo, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimpa ufunguo na kumwambia kwamba huo mshahara hauna cha kukatwa.

Akajifunza. Mfumo ule hupewa amri kwa maandishi, kwenye dirisha jeusi lisilo na picha, na amri zote ni za Kiingereza. Kiingereza hana. Alizinakili kwenye daftari la mistari, herufi moja moja, kama mtu anayechora, na pembeni akaandika kwa Kiswahili kila amri inafanya nini. Daftari lile sasa ni la nne. Ukurasa mmoja umeandikwa "hii inaonyesha nani anakula nguvu." Mwingine: "usiguse hii, uliigusa ukajuta."

Leo yeye ndiye fundi wa chumba, nusu siku, siku tano. Malipo yanatosha kodi ya vyumba viwili na chakula cha watu wanne, na mwisho wa mwezi hubaki kidogo cha kubishania na mkewe. Ubora wake uko palepale ulipokuwa. Kila namna ya sauti kukatika ameipa jina la ugonjwa.

Sauti ikikatika hovyo, kompyuta imezidiwa kazi. Ikikwaruza mfululizo, programu mbili zinasema kwa kasi tofauti. Ikimeza silabi ya kwanza baada ya kimya na kisha ikasema vizuri, kadi ya sauti ilikuwa imelala ili kuokoa umeme, na inachelewa kuamka. Na ikikatika kwa muda uleule, dakika baada ya dakika?

"Hapo tafuta kitu chenye saa," anasema. "Kompyuta haina moyo. Kinachorudi kila baada ya muda uleule, kuna aliyekipangia."

Mwanamke wa kwenye kibodi wanafunzi wanamwita Dada Sindano. Ana miaka thelathini na minane. Alikuwa mshonaji wa nguo za harusi mpaka presha ya macho ilipomzimia taa, jicho moja kwanza na la pili baada ya mwaka. Hiyo ni miaka minne iliyopita. Ana watoto wawili na mama mkwe ambaye, kwa maneno yake, "anakula kidogo ila anasema sana."

Hospitali moja ilikuwa tayari kumpa kazi ya mapokezi ya simu: kupokea, kuunganisha, kuandika ujumbe wa wagonjwa na kuupeleka wodini. Walimjaribu, wakampenda. Walitaka cheti tu, na walimtaka tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Cheti kinatokana na mtihani mmoja kwa mwaka: unasikiliza hotuba iliyorekodiwa, unaichapa kwenye kompyuta, muda ukiisha umeisha. Akikosa wa Ijumaa hiyo, unaofuata ni mwakani. Hospitali walishasema hawatasubiri mwaka.

Kwa mtu anayeona, sauti ikikatika anatazama kioo na kuendelea. Kwa Dada Sindano, sauti ndiyo kioo. Ndiyo kalamu na ndiyo karatasi.

Shida ilianza Jumatatu. Bodi ya mitihani ilileta programu mpya ya mtihani, Masikio akaiweka kwenye kompyuta zote tisa. Mazoezi ya kwanza, sauti ikaanza kukatika. Alihangaika mpaka adhuhuri, akabadilisha hedifoni, waya, akafungua kasha na kupuliza vumbi. Mwisho akafanya jambo ambalo fundi yeyote wa sauti angefanya.

Analieleza kwa ndoo. Kompyuta haimimini sauti moja kwa moja masikioni. Inaichota kidogo kidogo na kuijaza kwenye ndoo, na spika inakunywa kutoka kwenye ndoo hiyo. Ndoo ikiwa ndogo na mchotaji akachelewa, ndoo inakauka, sauti inakatika. Dawa ni kuweka ndoo kubwa.

Akaweka ndoo kubwa mara kumi. Akacheza muziki nusu saa nzima. Ukatiririka kama mafuta. Akaenda nyumbani akitembea kama bwana harusi, akamwambia mkewe kwamba kazi imekwisha. Mkewe akamwuliza kama ameisha yeye au kazi, maana mlango wa choo umelegea tangu wiki jana.

Jumanne asubuhi Dada Sindano alikaa, akaandika mstari mmoja, akavua hedifoni.

"Fundi, hii sauti inatoka jana."

"Inakatika?"

"Haikatiki. Inachelewa. Nabonyeza M, naisikia nikiwa nimeshafika herufi ya nne. Najua nimekosea wakati kosa limeshazaa watoto."

Masikio alibisha. Alicheza muziki tena. Muziki ulikuwa safi. Dada Sindano akamwambia kwa upole kwamba hajaja kucheza. Kisha akafanya zoezi zima, na karatasi ikatoka na makosa arobaini na moja. Kwa kawaida hukosea mara tano au sita.

Fundi aliishika ile karatasi muda mrefu. Ndoo kubwa huchukua muda kujaa, na msikilizaji wa muziki hajui wala hajali kama wimbo umechelewa nusu sekunde. Anayeandika kwa kusikia anajali kila herufi.

"Nilimtengenezea redio," anasema Masikio. "Miaka ishirini na sita ya redio ilinidanganya. Mama yule hakuomba redio."

Mchana huo mkuu wa chuo alisimama mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Fundi, bodi wameniuliza kama chumba kiko tayari. Nimewaambia Alhamisi saa sita nitawapa jibu. Zikiwa zinakatika au zinachelewa, siwezi kuwaingiza watu kwenye mtihani wa kuwaonea. Watafanya mwakani."

"Zitakuwa sawa, mama."

"Hilo umeniambia jana."

"Jana nilikuwa nimekosea, mama. Leo najua nilipokosea."

"Hiyo angalau ni habari mpya," akasema, akaondoka.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi fundi ameirudisha ndoo ndogo, ameurudisha ugonjwa kama ulivyokuwa, na amefumba macho kuusikiliza mahali unapouma. Sekunde thelathini. Sasa anatafuta chenye saa.

Anafungua daftari, ukurasa wa "hii inaonyesha nani anakula nguvu." Anaandika amri kwenye dirisha jeusi, kidole kimoja kimoja. Majina ya programu yanajipanga kioo kizima. Dada Sindano anaendelea kuandika. Kila sauti inapokatika, jina moja linaruka kutoka chini mpaka juu kabisa ya orodha, kisha linashuka. Ni programu mpya ya mtihani. Kila nusu dakika inahifadhi majibu ya mtahiniwa, ili umeme ukikatika asipoteze kazi yake.

"Nimemkamata," anasema fundi.

"Mfukuze."

"Hafukuziki. Ndiye anayekulindia kazi yako. Umeme ukizima Ijumaa utamshukuru."

"Sasa?"

"Sasa kuna swali. Kwa nini akisimama yeye, sauti inakaa?"

Kompyuta, anaeleza, ni karani mmoja mwenye foleni ndefu. Programu zote zinapanga mstari. Sauti haiwezi kupanga mstari, kama vile mama mwenye uchungu wa kujifungua hapangi mstari hospitalini. Inapewa ruhusa ya kupita mbele. Ruhusa hiyo Masikio aliitoa miaka miwili iliyopita, kwa mkono wake mwenyewe, kwa kila mwanafunzi mwenye akaunti kwenye kompyuta zile.

Anavua hedifoni. Anauliza polepole, "Dada, umeingia kwa jina gani?"

"Kwa namba ya mtihani. Mtahiniwa sifuri saba. Si mlisema wote tuingie kwa namba?"

Fundi anajipiga paji la uso kwa kofi linalosikika.

Wiki iliyopita alitengeneza akaunti mpya tisa za watahiniwa, majina yao yakawa namba, ili majibu yasichanganyike. Alizipa nywila, alizipa kasi ya sauti kila mmoja anayoipenda. Ruhusa ya kupita mbele ya foleni alisahau. Kwenye mazoezi ya zamani kila kitu kilikwenda sawa, kwa sababu watu waliingia kwa majina yao. Na alipokuwa akijaribu mwenyewe Jumatatu, akicheza muziki wake kwa raha, alikuwa ameingia kwa jina la fundi.

"Kuna maneno mafundi tunayapenda: mbona kwangu inafanya kazi," anasema. "Nimeyasema maisha yangu yote nikimaanisha mteja ni mjinga."

Anaandika amri. Anaisoma upya mara tatu, akilinganisha na daftari. Anabonyeza. "Andika, dada."

Anaandika. Sekunde thelathini. Sauti inakatika, vilevile.

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mabega ya fundi yanashuka. Anarudia amri. Anajaribu. Inakatika. Anafungua daftari la tatu, la pili. Nje kengele ya kipindi inalia na miguu ya wanafunzi inapita koridoni. Dada Sindano ametulia na mikono mapajani, kama alivyokuwa akisubiri bibi harusi amalize kujitazama kwenye kioo.

"Fundi."

"Ngoja kidogo."

"Fundi, mimi nimetoka nikaingia tena?"

Masikio anageuka.

Hiyo ndiyo amri yake mwenyewe. Amewaimbia wanafunzi kwa miaka miwili: ruhusa mpya haivaliwi ukiwa ndani, toka uingie tena. Wanafunzi humwigiza kwa kukaza sauti puani. Hata mpishi wa chuo humwambia hivyo akija kuomba chai ya pili.

"Hujatoka," anasema fundi kwa sauti ndogo.

"Basi nitoe. Na usimwambie mtu, nitasema mwenyewe."

Anatoka, anaingia. Mtahiniwa sifuri saba. Anaandika. Fundi anaweka kidole juu ya kioo cha saa. Ishirini na tano. Ishirini na nane. Thelathini. Sauti inasoma neno, inasoma linalofuata, inapita juu ya sekunde thelathini kama gari kwenye barabara iliyozibwa mashimo. Sitini. Tisini. Herufi inabonyezwa, herufi inasikika, papo hapo.

Hakuna anayeshangilia. Wanakaa hivyo dakika kumi nzima, dada akiandika, fundi akihesabu kimoyomoyo, maana mtu aliyekosea mara mbili haamini kirahisi.

"Haya," anasema Dada Sindano hatimaye, "bado nane. Amka."

Alhamisi, saa tano na nusu, mkuu wa chuo alikuja kabla ya muda. Alikaa kwenye kompyuta ya kwanza, akavaa hedifoni, akaombwa afumbe macho. Akafumba. Aliandika jina lake, akakosea, akasikia kosa mara moja, akalifuta. Alirudia kwenye zote tisa. Aliposimama alikunja hedifoni vizuri kama mtu anayekunja kanga.

"Sikujua ni kazi ngumu namna hii," alisema. Hakufafanua kama alimaanisha ya kuandika au ya kutengeneza. Akaenda kupiga simu kwa bodi.

Ijumaa fundi haruhusiwi kuingia chumba cha mtihani. Alikaa kwenye benchi la koridoni, saa mkononi, na kwa saa nzima na nusu alihesabu nusu dakika moja baada ya nyingine, ingawa kutoka pale hakuweza kusikia lolote. Saa tatu na dakika arobaini umeme ulizima dakika mbili, ukarudi. Alisimama, akakaa.

Dada Sindano alitoka wa sita, fimbo yake ikigusa ukuta.

"Ilikatika?" aliuliza fundi, bila hata salamu.

"Umeme ulikatika. Nikasema basi. Uliporudi, nikakuta kazi yangu yote ipo. Imepungua maneno mawili tu."

"Na sauti?"

"Sauti gani?" alisema. "Niliisahau kama ipo."

Matokeo yalitoka baada ya wiki tatu. Alama sabini na nane kwa mia. Tarehe mosi aliripoti hospitali na kupewa kiti, simu yenye vifungo vingi, na kompyuta kuukuu aliyoomba mwenyewe iwekewe mfumo uleule wa bure.

Siku ya nne kazini alimpigia Masikio. Fundi alikuwa chini ya meza, akifunga waya.

"Fundi, ya huku inakula mdomo. Inasema vizuri, nikikaa kimya kidogo nikirudi, inameza silabi ya kwanza. 'Wodi' inakuwa 'di'. Nimehesabu. Nikikaa kimya chini ya sekunde kumi haimezi. Zikizidi kumi, inameza."

Masikio alitoka chini ya meza na kukaa sakafuni. "Dada, hiyo haijaharibika. Hiyo imelala."

"Najua imelala."

"Sasa fungua lile dirisha..."

"Nimeshalifungua, sauti nimeshaiamsha, nimetoka na kuingia tena. Tangu saa mbili haijameza kitu."

"Sasa unanipigia ya nini?"

"Kujisifu," alisema. "Kuna mwingine wa kumpigia?"

Fundi anasimulia hayo akiwa amelishika daftari la nne. Ameanza kulisoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na kulirekodi kwenye simu, ili mtu asiyeona aweze kulitumia bila kumsubiri yeye. Amefika ukurasa wa kumi na saba. Mkuu wa chuo amekubali chumba kiwe wazi Jumamosi asubuhi kuanzia muhula ujao, kwa darasa la watu sita wasioona, wajifunze kutengeneza kompyuta badala ya kuzitumia tu.

Yeye atafundisha amri. Ya kusikiliza atafundisha Dada Sindano, ambaye Jumamosi hana zamu.

"Nilimwambia tutagawana darasa nusu kwa nusu," anasema Masikio, akivaa hedifoni yake yenye utepe mweusi. "Akaniambia sawa, ila kipindi chake nami nikae, nifumbe macho kama wengine. Nitakaa."